Kofia Ngumu Katika Mpaka wa Mji

Sheria za binadamu hubadilika mtu avukapo mpaka, bali kanuni za maumbile hazibadiliki. Jiwe liangukalo upande huu wa mto huanguka kwa mwendo ule ule upande wa pili. Jambo hili, ambalo kila mwanafunzi wa fizikia hulijua, lilijitokeza kwa namna ya pekee kati ya mwaka 2008 na mwaka 2010 katika mji wa Myrtle Beach, ulioko pwani ya Jimbo la South Carolina nchini Marekani. Mji huo uliwaamuru waendesha pikipiki wote wavae kofia ngumu, yaani helmeti, hali sheria ya jimbo zima iliwaruhusu watu wazima kwenda vichwa wazi. Kila mwaka katika mwezi wa Mei maelfu ya waendesha pikipiki walikuwa wakikusanyika mjini humo. Wengine waliapa kutokwenda tena, wengine wakaenda na kutii, na wengine wakaenda makusudi bila kofia ili washitakiwe.

Ugomvi huo ulihusu uhuru, biashara na mamlaka ya miji. Lakini chini yake kulikuwa na swali jingine ambalo halikupewa nafasi kubwa katika mabishano: kofia hiyo hufanya nini hasa kichwani mwa mtu aangukaye? Makala haya yanaeleza habari ya sheria hiyo pamoja na sayansi ya kofia yenyewe, maana moja haieleweki vizuri bila ya nyingine.

MKUTANO WA PIKIPIKI

Msomaji wa Afrika Mashariki asikiapo neno "rali" hukumbuka mashindano ya magari kama yale ya Safari Rally nchini Kenya. Mikutano ya pikipiki ya Marekani si mashindano ya namna hiyo. Watu husafiri kwa pikipiki zao kutoka majimbo ya mbali, hukutana kwa siku kadhaa, huonyeshana vyombo vyao, hununua vipuri, husikiliza muziki, na jioni huzunguka barabarani kwa mwendo wa polepole ili waone na waonekane. Kwa wengi wao safari yenyewe ndiyo sherehe.

Katika eneo la Myrtle Beach mikutano miwili ilipata umaarufu. Wa kwanza ni ule wa wapenzi wa pikipiki za Harley-Davidson, ambao asili yake ni mwaka 1940. Wa pili ulianza mwaka 1980 katika mji mdogo jirani uitwao Atlantic Beach. Wakati wa ubaguzi wa rangi, Wamarekani Weusi walikatazwa kuoga katika fuo nyingine za pwani ile, na Atlantic Beach ukawa mji wao wa kupumzikia. Mkutano wa pikipiki wa huko huwakusanya hasa waendeshaji Weusi, nao hufanyika mwishoni mwa mwezi wa Mei.

Mji wa Myrtle Beach wenyewe si mkubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha wakazi wapatao 35,000 tu. Ni rahisi basi kuelewa kwamba makelele ya injini, msongamano wa vyombo na fujo za usiku ziliwachosha baadhi ya wakazi. Mwaka 2008 baraza la mji lilitangaza kwamba halitaki tena mikutano hiyo ndani ya mipaka yake, likapitisha mfululizo wa sheria ndogo ndogo juu ya makelele, uegeshaji wa vyombo na mambo mengine. Mojawapo ya sheria hizo ilimtaka kila mpanda pikipiki, awe kijana au mzee, avae kofia ngumu na kinga ya macho.

SHERIA TATU KATIKA BARABARA MOJA

Ili kufahamu uzito wa jambo hili yafaa kutazama kidogo historia ya sheria za kofia nchini Marekani. Mwaka 1966 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya usalama barabarani ambayo chini yake jimbo lisilowalazimisha waendeshaji kuvaa kofia liliweza kupoteza sehemu ya fedha za barabara zitolewazo na Serikali ya Shirikisho. Majimbo yakatii upesi. Kufikia mwaka 1975 majimbo 47 kati ya 50 yalikuwa na sheria ya kuwahusu waendeshaji wote. Lakini vyama vya waendeshaji vilipinga kwa nguvu, na mwaka 1976 Bunge likaondoa adhabu hiyo. Majimbo mengi yakalegeza sheria zao moja baada ya jingine.

South Carolina lilikuwa mojawapo. Sheria yake ya mwaka 1967 ilimhusu kila mpanda pikipiki, lakini mwaka 1980 ilibadilishwa ikawabakiza wale tu wenye umri wa chini ya miaka 21. Jirani yake wa kaskazini, North Carolina, hakulegeza, wala jirani yake wa kusini, Georgia. Hadi leo majimbo hayo mawili humlazimisha kila mpanda pikipiki kuvaa kofia, nayo ni miongoni mwa majimbo 17 yaliyobaki na sheria ya namna hiyo.

Sasa afikiriwe mtu wa makamo aliyetoka Wilmington, North Carolina, katika mwaka 2009, akifuata barabara kuu namba 17 kuelekea kusini. Mpaka afikapo mwisho wa jimbo lake, kofia ilikuwa ni lazima. Akiisha kuvuka mpaka wa jimbo, kofia ilikuwa ni hiari. Akiingia Myrtle Beach, ikawa lazima tena. Akiupita mji huo na kufika Murrells Inlet, kijiji cha wavuvi kilicho kusini yake, ikawa hiari kwa mara nyingine. Katika safari ya saa chache sheria ilibadilika mara tatu, na mgeni asiyejua alama za mipaka ya mji angeweza kuvunja sheria bila ya kukusudia.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa kwa wahudhuriaji. Wengi walihamisha makazi yao ya muda wa mkutano hadi nje ya mji, ambako vibanda vya biashara na viwanja vya burudani viliendelea kama kawaida. Wengine waliingia mjini vichwa wazi kwa makusudi, wakaandikiwa makosa, nao pamoja na baadhi ya wenye biashara wakaipeleka sheria hiyo mahakamani.

KOFIA NGUMU ILIKOTOKA

Kofia ya pikipiki haikubuniwa na madiwani wala na askari wa usalama barabarani. Ilitokana na madaktari waliochoka kuona vichwa vilivyopasuka.

Tarehe 13 Mei 1935 Thomas Edward Lawrence, Mwingereza aliyepata sifa kwa kushirikiana na Waarabu katika vita vyao dhidi ya Waturuki, alikuwa akiendesha pikipiki yake karibu na nyumbani kwake katika wilaya ya Dorset. Alijaribu kuwakwepa vijana wawili waliopanda baiskeli, akaanguka na kuumia kichwa. Hakuwa amevaa kofia. Alifariki siku sita baadaye, akiwa na umri wa miaka 46. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumhudumia alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia.

Cairns hakulisahau jambo hilo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, jeshi la Uingereza lilitumia matarishi wengi waliopeleka ujumbe kwa pikipiki, na barabara za usiku zilikuwa giza kwa sababu taa zilizimwa kuogopa ndege za adui. Katika makala aliyoitoa mwaka 1941, Cairns alionyesha kwamba katika miezi 21 ya mwanzo wa vita, wapanda pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa katika barabara za Uingereza, na kwamba majeraha ya kichwa ndiyo yaliyokuwa sababu kubwa ya vifo. Miongoni mwa majeruhi aliowachunguza, waliokuwa wamevaa kofia walikuwa 7 tu, nao wote walipona. Idadi hiyo ilikuwa ndogo mno kuwa thibitisho, lakini ilitosha kuwa fununu. Mwezi Novemba mwaka huo huo jeshi liliwaamuru matarishi wake wavae kofia, na katika makala ya mwaka 1946 Cairns aliweza kuonyesha kwamba vifo vilipungua baada ya amri hiyo. Raia wa Uingereza walingoja hadi mwaka 1973 ndipo sheria ikawahusu nao.

Kofia za Cairns zilikuwa za mpira au za nyuzi zilizosindikwa, zikining'inizwa juu ya kichwa kwa mikanda ya ndani. Badiliko kubwa lilikuja Marekani. Mwaka 1953 Charles Lombard, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliomba hataza ya kofia yenye tabaka mbili: gamba gumu la nje na bitana ya ndani ibonyeayo. Kofia karibu zote za leo zimejengwa kwa msingi huo.

KINACHOTOKEA KICHWANI

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4. Ni laini kama maziwa yaliyoganda, nao umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na maji maalumu. Katika maisha ya kila siku mpango huu wa maumbile hutosha: mtu huruka, hukimbia na hujigonga kidogo bila ya kudhurika.

Ajali ya pikipiki ni jambo la namna nyingine. Kichwa kikigonga lami, fuvu husimama ghafula, lakini ubongo huendelea na mwendo wake kwa kitambo kidogo sana mpaka ukagonga ukuta wa fuvu. Hapo huweza kutokea mambo matatu. La kwanza, fuvu lenyewe hupasuka, na pengine vipande vyake huingia ndani. La pili, ubongo hupondeka mahali ulipogonga, na mara nyingine upande wa pili pia, kwa kuwa hurudi nyuma kama maji yatikiswayo ndani ya kibuyu. La tatu ni kuzunguka: kichwa kikipigwa kwa upande, fuvu hugeuka kwa ghafula na ubongo huchelewa kulifuata. Vena ndogo zinazouunganisha ubongo na utando wa nje hukatika na kuvuja damu, na nyuzi nyembamba za neva hunyooshwa mpaka zikachanika.

Jambo hili la tatu lilielezwa vizuri mwaka 1943 na A. H. S. Holbourn, mwanafizikia aliyefanya kazi pamoja na Cairns huko Oxford. Kwa kutumia mifano ya ubongo iliyotengenezwa kwa jelatini, alionyesha kwamba mzunguko wa ghafula ndio uletao madhara makubwa katika tishu za ndani. Ilichukua miaka mingi kwa viwango vya kofia kulizingatia jambo hilo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa juu ya kofia za pikipiki ilipata kipimo cha mzunguko katika toleo lake la sita, lililoanza kutumika mwaka 2021.

SENTIMITA TATU ZA POVU

Kazi ya kofia inaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Ichukuliwe kwamba mtu anaanguka kutoka juu ya pikipiki, na kichwa chake kinashuka mita 1.5 hadi ardhini. Wakati wa kugonga, kichwa hicho huwa kinakwenda chini kwa kilomita 20 hivi kwa saa. Swali ni hili: kitasimama katika umbali gani?

Kikiwa wazi, kitakachobonyea ni ngozi na nywele tu, kwa maana lami haibonyei. Umbali wa kusimama huwa milimita chache. Iwe milimita 3. Mita 1.5 ukizigawa kwa milimita 3 unapata 500. Maana yake ni kwamba kichwa kitasimamishwa kwa nguvu iliyo mara 500 ya mvutano wa dunia. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hivi, kwa hiyo kwa nukta moja ya muda kitabanwa kama kwamba kimewekewa mzigo wa kilo 2,250, yaani zaidi ya magunia 22 ya mahindi ya kilo mia mia.

Sasa kivalishwe kofia ambayo bitana yake inaweza kubonyea sentimita 3. Mita 1.5 ukizigawa kwa sentimita 3 unapata 50. Nguvu imepungua mara kumi, na mzigo umekuwa kilo 225. Tena mzigo huo haukai mahali pamoja penye upana wa shilingi, bali gamba gumu la nje huusambaza juu ya eneo kubwa la fuvu. Katika hali halisi povu halibonyei lote wala kwa usawa, na kilele cha nguvu hupita wastani huu. Hata hivyo kanuni ni hiyo: kofia haizuii pigo, bali hurefusha safari ya kusimama kutoka milimita hadi sentimita.

Kitu kifanyacho kazi hiyo ni povu gumu la polistireni, ndugu ya lile jeupe lipakiwalo pamoja na redio na televisheni ndani ya maboksi. Ndani yake mna vitundu vingi mno vyenye hewa. Pigo lijapo, kuta za vitundu hivyo huvunjika na kupondeka, na kazi ya kuzivunja ndiyo inayomaliza nguvu ya mwendo. Povu hilo halirudi katika hali yake ya kwanza. Hii ndiyo sababu kofia iliyokwisha kupata ajali haifai tena hata ikiwa gamba lake halina mkwaruzo: sentimita zake zimekwisha kutumika.

SWALI LA MWENDO WA KASI

Wapinzani wa kofia husema mara nyingi kwamba viwango vya serikali huzipima kwa kuziangusha kutoka kimo cha mita mbili tu, na kwamba mwendo wa kilomita 20 kwa saa si kitu kwa mtu aendeshaye kwa kilomita 100. Kipimo chenyewe wamekitaja sawa. Katika kiwango cha Marekani kilichoanza mwaka 1974, kichwa cha chuma kilichovishwa kofia huangushwa juu ya fuawe bapa kwa mwendo wa mita 6 kwa sekunde, sawa na kilomita 21.6 kwa saa, na nguvu ya kukisimamisha hairuhusiwi kupita mara 400 ya mvutano wa dunia.

Lakini hoja yao inasahau kwamba mtu aangukaye ana miendo miwili kwa wakati mmoja: mmoja wa kwenda mbele na mmoja wa kwenda chini. Ule wa kwenda mbele, hata uwe mkubwa, humalizwa polepole kwa kuteleza juu ya lami, mradi asikutane na kitu. Ule wa kwenda chini hutegemea kimo tu. Kichwa kilichoanguka mita 1.5 hugonga ardhi kwa mwendo ule ule, pikipiki iwe imesimama au inakimbia. Ni kweli kwamba mtu akigonga mti au ubavu wa lori kwa kilomita 100, sentimita 3 hazitamtosha. Ajali nyingi lakini si za namna hiyo, na kofia imetengenezwa kwa zile zilizo nyingi.

Takwimu zinakubaliana na hesabu hii. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2008 na shirika la Cochrane yalikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia 42, na hatari ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69.

HOJA ZA WASIOTAKA KOFIA

Haifai kudhani kwamba wahudhuriaji waliopinga sheria ya Myrtle Beach walikuwa wajinga au wakaidi tu. Hoja zao ni za namna mbili, na kila moja yastahili jibu lake.

Za kwanza ni hoja za kimaumbile: kwamba kofia huziba macho na masikio, na kwamba uzito wake huvunja shingo. Mambo haya yalichunguzwa kwa makini na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambaye pamoja na wenzake walifika mahali pa ajali 900 katika eneo la Los Angeles. Taarifa yao ya mwaka 1981 haikuona kwamba kofia ilipunguza uwezo wa kuona au kusikia kiasi cha kuleta ajali, wala haikuona ongezeko la majeraha ya shingo. Joto ni jambo la kweli zaidi. Katika jua la pwani, kwa mwendo wa polepole wa gwaride, kofia huchosha, na hakuna fizikia itakayomwambia mtu kwamba haoni joto.

Za pili ni hoja za uhuru: kwamba kichwa ni mali ya mwenyewe, na asiyevaa kofia hamdhuru mtu mwingine. Hoja hii ilifika mbele ya mahakama ya shirikisho katika Jimbo la Massachusetts mwaka 1972. Mahakama iliikataa kwa kusema kwamba aliyeumia huokotwa na jamii, hupelekwa katika hospitali ya jamii, na akishindwa kufanya kazi tena jamii ndiyo imtunzayo pamoja na watu wake. Watu wengine waliendelea kuamini kwamba jibu hilo likifuatwa mpaka mwisho laweza kuhalalisha kumkataza mtu karibu kila jambo la hatari. Mjadala huo ni wa kisiasa na wa kimaadili, na maabara haiwezi kuumaliza.

Jambo ambalo sayansi yaweza kulisema ni matokeo ya kila uamuzi. Jimbo la Florida, ambako mji wa Daytona Beach hufanya mkutano mashuhuri wa pikipiki kila mwezi wa Machi, lililegeza sheria yake mwezi Julai mwaka 2000, likawaruhusu watu wa miaka 21 na zaidi wenye bima ya matibabu kwenda bila kofia. Katika miaka mitatu ya 1997 hadi 1999 wapanda pikipiki 515 walikufa katika jimbo hilo. Katika miaka ya 2001 hadi 2003 walikufa 933. Idadi ya pikipiki nayo ilikuwa imeongezeka, na sehemu ya tofauti hiyo yatokana na hilo. Lakini wachunguzi walipolinganisha vifo na idadi ya pikipiki zilizoandikishwa waliona ongezeko likingali lipo.

UAMUZI WA MWAKA 2010

Mwezi Juni mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya South Carolina ilitoa hukumu yake, ikaibatilisha sheria ya kofia ya Myrtle Beach. Majaji hawakusema kwamba kofia haina faida. Walisema kwamba jambo la kofia lahitaji sheria moja kwa jimbo zima. Kama kila mji ungekuwa na sheria yake, msafiri angelazimika kujifunza kanuni za kila mji kabla ya kuanza safari, na kusimama njiani kila mara kuvaa au kuvua. Ilionekana kwamba jimbo lilikwisha kulishughulikia jambo hilo kwa sheria zake lenyewe, na mji haukuwa na nafasi ya kuongeza neno.

Kwa hiyo waendeshaji walishinda, na tangu siku hiyo mtu mwenye miaka 21 au zaidi akaweza tena kuhudhuria mikutano ya Mei mjini humo kichwa wazi bila ya kuogopa faini. Lakini hukumu hiyo haikubadilisha hata milimita moja ya umbali wa kusimama. Lami ya Myrtle Beach ilibaki na ugumu ule ule iliokuwa nao mwaka 2009.

Mkasa huu una funzo kwa watunga sheria pia. Kanuni ya kofia ilipitishwa pamoja na kanuni nyingine za kuwaondoa wageni mjini, na waendeshaji wengi waliiona kuwa ni fimbo ya kuwafukuzia badala ya ngao ya kuwakingia. Kanuni ya usalama ikifungwa katika furushi moja na makusudi mengine, watu huipinga pamoja na makusudi hayo, na kofia yenyewe hugeuka kuwa alama ya kudhulumiwa. Cairns alipata utii wa matarishi kwa sababu lengo lake lilikuwa moja tu, nalo lilionekana wazi.

KUCHAGUA NA KUTUNZA KOFIA

Sheria za namna hii zina athari nyingine iliyojulikana sana katika mikutano ya pikipiki: huzaa kofia za kumridhisha askari. Hizi ni bakuli nyepesi za plastiki zenye bitana ya sponji laini, zivaliwazo ili mtu asishitakiwe. Kofia iliyotimiza kiwango cha Marekani kwa kawaida huwa na povu gumu lenye unene wa sentimita 2.5 hivi na uzito wa karibu kilo 1.4, bakuli hizo mara nyingi hazifiki nusu kilo. Sponji laini hubonyea kabisa kwa kidole, na kwa hiyo huwa limekwisha kazi kabla ya pigo lenyewe kufika.

Anunuaye kofia na achunguze mambo haya. Bitana iwe ya povu gumu lisilobonyea kwa kidole. Kofia ikikaze kichwa pande zote bila ya kuumiza, na mtu akitikisa kichwa isicheze. Ukanda wa kidevu ufungwe kila mara, maana kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Petroli, rangi na dawa za kusafishia zisiguse povu, kwa kuwa baadhi yake huliyeyusha. Na kofia iliyoanguka pamoja na mtu itupwe, hata kama ni ya bei kubwa.

Maelezo haya yanawahusu pia wasomaji wasiotazamia kuiona Myrtle Beach. Katika nchi za Afrika Mashariki sheria humtaka mwendesha pikipiki na abiria wake kuvaa kofia, na mamilioni ya watu hupanda bodaboda kwenda sokoni, shuleni na hospitali. Abiria wa bodaboda ana kichwa cha kilo 4.5 kama yule mhudhuriaji wa mkutano, na ameketi katika kimo kile kile cha mita 1.5 juu ya lami. Kofia iliyotundikwa kwenye mkono wa usukani, ikingoja kuvaliwa askari aonekanapo mbele, ni sentimita tatu zilizoachwa mahali zisipohitajika.